Petroli Ikikolea

Fundi wa pikipiki wa Migosi, Kisumu, akitaka kujua kama injini inapata petroli ya kutosha hafungui kitabu, anafungua plagi. Anaigeuza kuelekea jua na kutazama ncha yake. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa imepauka hadi kuwa nyeupe, hewa imezidi na injini inapata joto kuliko inavyostahili. Ikiwa ya hudhurungi, hagusi kitu. Anairudisha na kunawa mikono. Mwenye bodaboda anayesubiri kando ya barabara ya Kakamega atauliza, "Fundi, mbona hii Boxer inakunywa hivi?" Jibu halichelewi: "Mafuta imezidi, omera. Hewa haitoshi." Bisibisi inaingia kwenye skrubu ya kaboreta, robo mzunguko, labda nusu, na kazi imekwisha.

Kutazama plagi ni kupima kwa mwanga. Jua linaipiga, jicho linasoma rangi, na rangi inatoa habari za mchanganyiko wa petroli na hewa uliowaka ndani ya silinda. Upungufu wake ni kwamba plagi husimulia yaliyopita, tena kwa jumla. Imekusanya athari za miwako maelfu kwa maelfu, na wakati wa kuisoma injini imezimwa. Kwa miongo kadhaa sasa wahandisi wamekuwa wakipima jambo hilo hilo injini ikiwa inanguruma. Hupitisha mwanga ndani ya silinda, wakaangalia umepungua kwa kiasi gani ulipotoka, na kwa upungufu huo wakajua pale ulipopita palikuwa na petroli kiasi gani. Mimi ni mpenda maneno, na linalonishughulisha ni kazi hiyo kupata jina kwa Kiswahili: jina ambalo fundi yule ataling'amua bila mkalimani, na ambalo mwanafunzi wa uhandisi ataliandika kwenye tasnifu yake bila kuona haya.

Tatizo la kwanza ni neno mafuta lenyewe. Yako mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Dholuo nayo ni hivyo hivyo: mo ni samli, ni mafuta ya kukaangia, na ndicho kinachotiwa kwenye tangi. Gereji zimelitatua jambo hili zamani kwa kusema oili kwa kinacholainisha na mafuta kwa kinachowaka. Lakini shuka hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, uwatazame wavuvi wakiandaa mashine za boti. Nyingi kati ya hizo ni injini za mipigo miwili, ambazo petroli na oili hutiwa pamoja katika tangi moja, mara nyingi kwa uwiano wa hamsini kwa moja. Hapo ukisema "kiasi cha mafuta ndani ya injini" hujasema kitu. Kawi na nishati, jozi ambayo Wakenya na Watanzania wamegawana, ni pana mno. Umeme wa maji ya Sondu Miriu nao ni kawi. Kwa hiyo mimi husema petroli ikiwa petroli, dizeli ikiwa dizeli, na fueli pale tu ninapozitaka zote kwa pamoja.

Neno gumu ni lile linalotaja petroli ilivyo nyingi au chache katika hewa iliyoibeba. Anayetafsiri kwa haraka hukuta maneno kadhaa yakimngojea. Lipo mkusanyiko, ambalo linafaa watu uwanjani. Lipo umakini, ambalo ni la mwanafunzi anayemsikiliza mwalimu wake. Kiingereza hutumia neno moja kwa akili iliyotulia na kwa chumvi iliyo ndani ya maji, na programu za kutafsiri hazioni tofauti, ndiyo maana kuna maandishi ya Kiswahili yanayozungumzia umakini wa gesi. Lipo msongamano, ambalo nitalirudia kwa sababu lina kazi yake halali. Halafu kuna familia ya kukolea: ukolezi, mkolezo, ukolezaji, ukolevu.

Hapa naomba msomaji anisubiri kidogo, kwa maana kitenzi hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Chumvi hukolea kwenye mchuzi. Kila jikoni linalosema Kiswahili, mtu huonja na kusema imekolea, au bado chapwa. Moto nao hukolea: aliyewasha jiko la makaa hupepea hadi moto ukolee, na kukoleza moto ni kuuchochea uwake sawasawa. Rangi nazo hukolea: kitambaa cha kijani kilichokolea ni kile ambacho kijani chake kimezama. Usingizi hukolea, ngoma hukolea, mapenzi hukolea, lakini tubaki na yale matatu ya kwanza. Chumvi kwenye mchuzi ni habari ya kiasi cha kitu ndani ya kingine. Moto ni habari ya mwako. Rangi ni habari ya mwanga. Na kupima petroli ndani ya silinda kwa mwanga ni nini, kama si mambo hayo matatu mahali pamoja: kiasi cha kitu ndani ya kingine, kinachokaribia kuwaka, kikisomwa kwa mwanga? Sijui neno la lugha nyingine linaloingia katika kazi hii kwa milango yote mitatu.

Tena uhusiano wa rangi si bahati ya maneno tu. Mwaka wa 1852 Mjerumani August Beer alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi mwanga mwekundu unavyofyonzwa na vimiminika vyenye rangi. Kabla yake, Mfaransa Pierre Bouguer mwaka wa 1729 na Johann Heinrich Lambert mwaka wa 1760 walikuwa wameonyesha jinsi mwanga unavyopungua kadiri unavyopita katika kitu kinene zaidi. Beer aliongeza upande wa pili: kimiminika kikikolea, mwanga hupungua vivyo hivyo. Vyombo vinavyopima gesi kwa kufyonza mwanga vinategemea kanuni hiyo mpaka leo, na kwa Kiswahili kanuni yenyewe inajieleza. Rangi ikikolea, kilichomo kimekolea.

Sasa umbo gani la neno? Ukolezaji ni tendo, lina mtendaji. Hiyo ni kazi ya kaboreta, au ya nozo katika gari la kisasa. Kinachopimwa ni hali. Kiswahili kina njia yake ya kutoa jina la hali katika kitenzi cha namna hii: kulegea hutoa ulegevu, kupotea hutoa upotevu, kutulia hutoa utulivu. Kukolea kutoe ukolevu. Najua wapo walimu wa kemia wanaosema ukolezi, na wengine mkolezo, wala sitagombana nao darasani kwao. Ila nikiandika ya injini, nachukua ukolevu.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki. Kukolea kumekwisha kubeba hukumu ndani yake. Kilichokolea kimefika panapotakiwa. Kipimo kinataka neno lisilohukumu, maana kazi ya chombo ni kutoa namba tu. Je, tunaweza kusema "ukolevu mdogo" bila kujipinga? Tunaweza, kwa kuwa lugha imekwisha kulifanya hilo kwa maneno mengi. Sindano ina urefu, ingawa si ndefu. Unyoya una uzito, ingawa si mzito. Mtoto mchanga ana umri wa siku mbili na ukubwa wa kubebwa kwa mkono mmoja. Kiswahili huchukua jina la kipimo kutoka upande wa wingi, kisha husahau hukumu na kubaki na kipimo. Ukolevu unaingia katika safu hiyo bila kulazimishwa.

Linganisha na wenzetu. Waingereza husema mchanganyiko wenye petroli nyingi ni tajiri, na wenye petroli chache wanauita kwa neno la nyama isiyo na mafuta. Wafaransa wana tajiri na maskini. Wajerumani wana mnono na mkondefu. Kila taifa limechora picha yake. Makosa huanza pale mwandishi wa Kiswahili anapoichukua picha ya jirani na kuiandika "mchanganyiko tajiri". Fundi wa Migosi atajiuliza utajiri huo ni wa nani. Yeye husema mafuta imezidi, hewa imezidi, na hajakosea. Kitabuni naandika mchanganyiko uliokolea na mchanganyiko hafifu. Chapwa pia lingefaa, lakini nafikiri lingali na ladha ya mdomoni mno.

Nilisema nitarudi kwa msongamano. Mwenye kupima kwa mwanga hukutana na jambo ambalo mpishi na mwalimu wa kemia hawakuwahi kulazimika kulifikiria. Injini ya petroli hukandamiza mchanganyiko hadi ujazo wake uwe kama sehemu ya tisa au ya kumi ya ulivyokuwa. Petroli haikuongezwa wala hewa haikupunguzwa. Uwiano wa viwili hivyo haukubadilika hata chembe. Lakini molekuli za petroli zilizo katika njia ya mwanga sasa ni mara tisa au kumi, kwa sababu zote zimesukumwa pamoja. Chombo cha mwanga huhesabu zilizo njiani tu. Kitasema petroli imeongezeka, na kwa upande wake kimesema kweli.

Kwa hiyo tunahitaji maneno mawili. Katika maji, ambayo hayakandamiziki, neno moja lilitosha. Chumvi ya mchuzi hupimwa kwa kijiko au kwa ulimi na majibu yanalingana. Katika gesi inayokandamizwa yanaachana. Basi, msongamano uwe idadi ya molekuli katika nafasi fulani, jinsi tunavyosema msongamano wa magari pale Kondele jioni. Ukolevu uwe nguvu ya petroli ndani ya hewa yake. Pistoni ikipanda, msongamano hupanda na ukolevu hubaki. Ili kutoka kwenye msongamano aliousoma hadi kwenye ukolevu anaoutaka, mhandisi lazima ajue pia shinikizo na joto la wakati ule ule. Tofauti hiyo ni sura nzima ya kitabu cha injini, na maneno yetu mawili ya kila siku yanaibeba.

Kisumu inaidhihirisha tofauti hiyo bila chombo chochote. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu thumuni moja ukilinganisha na Mombasa. Hewa ya Migosi ina msongamano mdogo. Kaboreta ya kawaida haitambui hilo. Hewa hupita katika koo lake na kuvuta petroli karibu ile ile, ilhali hewa yenyewe imepungua. Msongamano wa hewa ukishuka, ukolevu wa petroli hupanda. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri Mombasa hutoa plagi nyeusi zaidi ikifika Kisumu, na ikipelekwa Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, italalamika waziwazi. Mafundi wanalijua hilo. Wanasema hewa ya huku ni nyepesi, na ni nyepesi kweli.

Tuingie ndani ya silinda. Mwaka wa 1961 Fred Bowditch wa General Motors alieleza injini yenye pistoni iliyorefushwa, iliyo na dirisha juu yake na kioo kilichoinamishwa chini yake, ili mtu aone moto kutoka kando. Injini za uchunguzi za aina hiyo bado zinatumika. Baadaye walikuja wenye vihisi vidogo zaidi, hata vya kutoshea ndani ya plagi, na hivi vinanivutia kuliko vyote kwa sababu vinarudi mahali pale pale ambapo fundi hutazama. Uzi mwembamba wa kioo hupeleka mwanga hadi kwenye upenyo wa milimita chache ulio wazi kwa gesi ya silinda. Mwanga huuvuka upenyo, hugonga kioo kidogo, hurudi kwa njia ya uzi mwingine, na huko nje hupimwa.

Hapo nimetumia kioo kwa maana mbili katika sentensi zinazofuatana, na msomaji makini ameona. Kiswahili huita kioo kile kinachopitisha mwanga na kile kinachourudisha. Nyumbani hakuna hasara; katika chombo hiki ni hatari, maana vyote viwili vimo na kazi zao ni kinyume. Napendekeza kinachopitisha kiitwe dirisha, hata kiwe kidogo kuliko punje ya mchele, na kioo kibaki kwa kinachorudisha. Dirisha lenyewe hutengenezwa kwa yakuti. Ndiyo, jiwe lile la pete, ila hili hukuzwa viwandani na halina rangi. Huchaguliwa kwa sababu huvumilia moto unaopita nyuzi 2,000 za selsiasi na shinikizo lililo makumi ya mara ya lile la hewa ya kawaida, na pia kwa sababu hupitisha mionzi ambayo kioo cha kawaida huzuia sehemu yake kubwa.

Mionzi gani hiyo? Mvuke wa petroli hauna rangi machoni petu. Mwanga wa jua huupita na hatuoni tofauti. Ila petroli ni haidrokaboni, na kifungo kinachounganisha kaboni na hidrojeni hutikisika kwa mwendo wake maalumu, kikafyonza mionzi ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 3.4. Kuna leza ya gesi za heli na neoni inayotoa mionzi ya mikromita 3.39, karibu kabisa na hapo, na ndiyo iliyotumika katika vipimo vingi vya namna hii. Nitrojeni na oksijeni hazifyonzi mionzi hiyo. Kwa jicho lenye kuona infraredi, hewa ya Migosi haina rangi na petroli ina rangi iliyokolea.

Nimesema kufyonza, na kitenzi hiki nakipenda. Nyuki hufyonza maua, udongo hufyonza maji. Wengine huandika kumeza au kunywa, lakini vyote viwili humaliza kitu, na mwanga haumalizwi. Ukipita milimita ya kwanza nusu yake ikafyonzwa, milimita ya pili hufyonza nusu ya uliobaki, na ya tatu nusu ya huo. Unapungua tu. Kwa hiyo jina la kipimo chenyewe ni ufyonzaji.

Kasi ya kazi hii ni ya kustaajabisha. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa mipigo minne huchukua sehemu 40 za elfu za sekunde: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa. Nyuzi moja ya mhimili wa injini hupita kwa chini ya sehemu 60 za milioni ya sekunde. Plagi ya fundi hutoa wastani wa wiki nzima. Kihisi husema petroli ilikuwa imekolea kiasi gani hapo hapo cheche iliporuka, katika mwako huu na si ule uliotangulia. Na miwako haifanani. Petroli inaweza kuwa ya kutosha ukiihesabu katika silinda nzima, huku pembeni mwa plagi ikiwa hafifu kiasi kwamba cheche haishiki, injini ikamisi. Ni kisa cha mchuzi ambao haukukorogwa: upande huu umekolea, upande ule ni chapwa, na aliyeonja mara moja hajui. Ndiyo maana ukolevu lazima utajwe pamoja na mahali pake na wakati wake.

Chombo chenyewe tukiiteje? Gereji husema sensa, kwa kuwa magari ya mitumba kutoka Japani yamekuja nazo tele. Lakini sensa tumekwisha kuipa kazi kubwa. Ndiyo hesabu ya watu, na ile ya Agosti 2019 bado iko katika kumbukumbu za wengi. Kwa mdomo haina tabu, mazungumzo huondoa shaka. Kwa maandishi nachagua kihisi. Tatizo linabaki kwa maneno yanayofuata. Tukiandika "kihisi cha mwanga", je, kinahisi mwanga au kinahisi kwa mwanga? Kiunganishi chetu kina tabia hizo mbili: kipimo cha joto hupima joto, ila jiko la mkaa halipiki mkaa, hutumia mkaa. Taa za barabarani zinazojiwasha magharibi zina kihisi cha mwanga kwa maana ya kwanza. Hiki cha injini ni cha maana ya pili. Dawa yake ni fupi: kihisi cha petroli kwa mwanga. Kinachohisiwa kifuate "cha", njia ifuate "kwa". Sentensi haikurefuka sana na shaka imeondoka.

Kisitatanishwe na kile kilicho kwenye egzosi ya magari mengi, ambacho Bosch walianza kukiuza mwaka wa 1976 katika magari ya Volvo. Hicho hunusa oksijeni iliyobaki baada ya moto na kuikisia petroli kwa kurudi nyuma. Kinahusu namba ambayo kila fundi aliyesoma anaijua: petroli ya kawaida huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili vyote viishe pasipo kimoja kubaki. Kiingereza kina jina lake refu la asili ya Kigiriki kwa hali hiyo. Jina letu lilisemwa pale mwanzo, "hewa haitoshi". Vitu viwili ambavyo kila kimoja kinamtosha mwenzake vinatoshana. Uwiano wa kutoshana: mtoto wa shule ataufahamu kabla hujamaliza kuueleza.

Liko pia neno ambalo biashara ya petroli yenyewe imelivumisha. Kuchakachua kulienea Tanzania kwa wale waliochanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli, na kufikia uchaguzi wa 2010 kulikuwa kumehamia kwenye kura. Huku Kenya ugonjwa ni ule ule. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei yake isiwe kishawishi cha kuyachanganya na dizeli. Mzigo uliwaangukia wanaopikia stovu na kuwasha koroboi, na hilo ni jambo la kulitafakari peke yake. Kwa kihisi chetu uchakachuaji ni mtihani, kwani mafuta ya taa nayo ni haidrokaboni na hufyonza mionzi ile ile, ingawa si kwa kiasi kile kile. Chombo kilicholinganishwa na petroli safi kitatoa namba, na namba haitakuwa na maana. Tena mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi. Hubaki matone, yakashika kuta za silinda. Kiswahili kinatofautisha tone, ukungu na mvuke, na mhandisi anapaswa kuvitofautisha hivyo hivyo, maana mvuke hufyonza mwanga ilhali matone huutawanya.

Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2017, aliamini kwamba istilahi mpya itafutwe kwanza katika lahaja na maneno ya kale kabla ya kukopa. Runinga ni neno linalohusishwa naye. Namuunga mkono kwa sehemu kubwa. Lakini yeye alichimba Pwani, kwenye ushairi. Kuna mgodi mwingine huku ziwani ambao haujaguswa: vinywa vya watu wanaofungua injini kila siku. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, kazi ya kuheshimiwa, na injini haikuwa somo lake. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, lakini kijana anayesomea magari katika chuo cha Kisumu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huja Migosi na kuanza kujifunza upya majina ya vitu vile vile.

Chuo Kikuu cha Maseno kina idara ya Kiswahili. Kisumu National Polytechnic ina karakana ya magari. Vyote viko katika kaunti hii moja, pamoja na gereji za Migosi. Ombi langu kwa wakuu wa taasisi hizo mbili ni kwamba wawaite mafundi mezani kwa malipo ya haki, wawarekodi wakifanya kazi, na watoe orodha ya istilahi za injini kabla mafundi wazee hawajatutoka. Ukolevu, msongamano na kutoshana nimeyaleta kwao yapimwe. Lolote litakalokataliwa gerejini baada ya kutumika lifutwe, likiwemo langu.